MAPAFU YA MAMA MJAMZITO NA HEWA CHAFU

Utangulizi

Hewa chafu inapotajwa, aghalabu watu hufikiria dohani za viwanda na misururu ya magari katika miji mikubwa. Fikra hiyo ina asili yake katika historia. Mwezi wa Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji wa London kwa siku tano, na watu wapatao 4,000 wakahesabiwa kuwa walikufa kwa sababu yake. Makadirio yaliyofanywa baadaye yanaonyesha kuwa idadi hiyo yaweza kufikia 12,000. Kutokana na msiba huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hewa safi mwaka 1956.

Lakini kwa kaya nyingi za Afrika Mashariki moshi mwingi unaoingia mapafuni hautoki kiwandani. Hutoka mafigani. Mtaalamu Mmarekani Kirk Smith (1947–2020) alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulipima jambo hili kwa uangalifu. Katika vijiji vya jimbo la Gujarat, India, mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye na wenzake waliwavisha wanawake vipima-hewa walipokuwa wakipika, na wakaona kuwa hewa waliyoivuta ilikuwa chafu kupindukia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani.

Mtu akaaye karibu zaidi na mafiga ni mwanamke, na mimba haimwondoi jikoni. Hapo ndipo linapozuka swali la makala hii: je, moshi wa jiko moja, uliopimwa kwa kipimo kimoja, una uzito uleule kwa mwanamke asiye na mimba na kwa mama mjamzito? Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa jibu ni hapana. Mapafu ya mama mjamzito si mapafu dhaifu wala si mapafu magonjwa. Ni mapafu yaliyoongezewa kazi. Kwa sababu ya kazi hiyo, hewa ileile huwa kwake dozi kubwa zaidi.

1. Njia ya hewa

Ili kuufahamu ubishi wenyewe yafaa kwanza kukumbuka jinsi hewa inavyosafiri mwilini. Hewa huingia kwa pua, hupita kooni, hushuka katika bomba la pumzi, kisha hugawanyika katika matawi yanayozidi kuwa membamba mfano wa mti uliopinduliwa. Mwisho wa vitawi vidogo kabisa mna vifuko vya hewa, ambavyo hesabu yake katika mapafu mawili ni mamia ya milioni. Kama vifuko hivyo vingalikunjuliwa na kutandazwa, vingaliweza kufunika eneo la mita za mraba 70 hivi, yaani sakafu ya darasa la kawaida. Ni katika vifuko hivi tu ambamo oksijeni huingia katika damu na kaboni dioksaidi hutoka.

Hewa iliyomo puani, kooni na katika matawi haibadilishani chochote na damu. Kwa mtu mzima hewa hiyo ni kama mililita 150 katika kila pumzi. Kwa hiyo mtu akivuta mililita 500, ni mililita 350 tu zinazofika mahali pa kazi. Msomaji aishike tofauti hii kati ya hewa ivutwayo na hewa ifikayo vifukoni, kwa kuwa hoja nyingi za makala hii zimejengwa juu yake.

2. Mabadiliko yaletwayo na mimba

Watu wengi huamini kwamba mama mjamzito hupumua kwa shida kwa sababu tumbo limekua na kuyabana mapafu. Imani hiyo ina kweli nusu. Ni kweli kwamba katika miezi ya mwisho kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, husukumwa juu kiasi cha sentimita 4. Hata hivyo kifua nacho hupanuka: mbavu za chini hufunguka nje, na mzunguko wa kifua huongezeka kwa sentimita 5 hadi 7. Ndiyo maana kiasi kikubwa kabisa cha hewa ambacho mama aweza kukitoa baada ya kuvuta pumzi ndefu hakipungui.

Zaidi ya hayo, mabadiliko ya upumuaji huanza katika miezi mitatu ya kwanza, wakati tumbo halijaonekana. Chanzo chake ni homoni iitwayo projesteroni, ambayo hutengenezwa kwanza katika ovari na baadaye katika kondo la nyuma. Homoni hii hukiamsha kituo cha ubongo kinachoongoza upumuaji, nacho kikaanza kuamuru pumzi zilizo ndefu zaidi. Idadi ya pumzi kwa dakika haibadiliki sana. Kinachobadilika ni kina cha kila pumzi.

Faida ya mpango huu ni dhahiri. Kwa kupumua kwa kina, mama huipunguza kaboni dioksaidi iliyomo katika damu yake: kanieneo yake hushuka kutoka milimita 40 za zebaki hadi 30 au 32 hivi. Gesi husafiri kutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye kanieneo ndogo. Hivyo kaboni dioksaidi ya mtoto hupata mteremko wa kushukia, ikavuka kondo na kuingia katika damu ya mama, ambaye huitoa kwa pumzi yake. Kwa maneno mengine, mama hupumua kwa ajili ya watu wawili, na mahitaji yake ya oksijeni huongezeka kwa kiasi cha asilimia 20.

Badiliko jingine huhusu hewa ibakiayo mapafuni baada ya mtu kutoa pumzi ya kawaida. Akiba hiyo hupungua kwa asilimia 20 hivi mimba inapokaribia kutimia. Hali kadhalika utando wa ndani ya pua huvimba kidogo kwa kujaa damu, na akina mama wengi huziba pua bila kuwa na mafua. Aliyeziba pua hupumua kwa mdomo, na mdomo hauna chujio lililo sawa na la pua.

3. Hesabu ya hewa

Mabadiliko haya yanaweza kuwekwa katika tarakimu. Jedwali lifuatalo linatoa viwango vya wastani kwa mwanamke aliyetulia. Kwa kurahisisha hesabu, hewa isiyofika vifukoni imechukuliwa kuwa ni ileile katika hali zote mbili.

Jedwali: Upumuaji kabla ya mimba na mwishoni mwa mimba

Idadi ya pumzi kwa dakika: kabla 15; mwishoni 15
Hewa katika kila pumzi (mililita): kabla 500, mwishoni 700
Hewa ivutwayo kwa dakika (lita): kabla 7.5, mwishoni 10.5
Hewa isiyofika vifukoni katika kila pumzi (mililita): kabla 150; mwishoni 150
Hewa ifikayo vifukoni kwa dakika (lita): kabla 5.25; mwishoni 8.25
Akiba ya hewa mapafuni (lita): kabla 1.70, mwishoni 1.36

Hewa ivutwayo imeongezeka kutoka lita 7.5 hadi 10.5, yaani asilimia 40. Lakini hewa ifikayo vifukoni imeongezeka kutoka lita 5.25 hadi 8.25, yaani asilimia 57. Sababu ni kwamba nyongeza imekuja kwa kina cha pumzi, si kwa wingi wa pumzi. Mtu anayehema upesiupesi hulipa ushuru wa mililita 150 kila apumuapo. Mtu anayevuta pumzi ndefu hulipa ushuru uleule mara chache. Mwili wa mama umechagua njia iliyo na faida kubwa ya oksijeni. Kwa bahati mbaya, kila kilichochanganyika na hewa hiyo hupita njia hiyohiyo.

Safu ya mwisho ya jedwali nayo ina maana yake. Kabla ya mimba, kila pumzi huleta mililita 350 za hewa mpya katika akiba ya mililita 1,700, yaani sehemu ya asilimia 21 hivi. Mwishoni mwa mimba, mililita 550 huingia katika akiba ya 1,360, ambayo ni kama asilimia 40. Kwa hiyo hewa ya vifukoni hubadilika upesi zaidi kufuata hewa ya nje. Waganga wa nusukaputi wanaijua sana hali hii: mama mjamzito akipewa dawa ya usingizi kwa njia ya kuvuta, hulala upesi kuliko mwanamke asiye na mimba. Moshi nao hufuata sheria iyo hiyo ya fizikia.

Sasa na tufanywe mfano wa jikoni. Ichukuliwe kuwa hewa ya jiko la kuni ina mikrogramu 500 za chembe laini katika kila mita moja ya ujazo, kiasi ambacho si cha ajabu katika jiko lisilo na dohani, na kuwa upishi wa siku huchukua saa 3, yaani dakika 180. Kabla ya mimba, hewa ifikayo vifukoni katika muda huo ni 5.25 × 180 = lita 945, nayo hubeba mikrogramu 473 hivi za chembe. Mwishoni mwa mimba ni 8.25 × 180 = lita 1,485, zenye mikrogramu 743 hivi. Jiko ni lilelile, kuni ni zilezile, na saa ni zilezile. Lakini tofauti ni mikrogramu 270 kila siku. Si kila chembe iingiayo hutua, kwani nyingine hutoka na pumzi. Tena hesabu hii ni ya mwanamke aliyekaa kimya. Yule anayesonga ugali, anayetwanga au anayeinua sufuria hupumua zaidi ya hapo.

4. Safari ya chembe

Moshi ni mchanganyiko wa gesi na chembe za ukubwa mbalimbali. Ukubwa wa chembe hupimwa kwa mikromita, na mikromita moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe zilizozidi mikromita 10 hunaswa puani na kooni. Zilizo ndogo kuliko hizo hutua katika matawi ya mapafu, ambamo hunatwa na ute na kusukumwa juu na vijinywele visivyoonekana kwa macho, hadi mtu akakohoa au kumeza. Chembe zilizo chini ya mikromita 2.5 ndizo laini, na hizo huweza kufika vifukoni.

Vifukoni hamna vijinywele wala ufagio wa ute. Mna seli walinzi zinazozunguka na kumeza uchafu, na kazi yao huchukua wiki au miezi. Hapo ndipo ilipo hatari ya pumzi ya kina: huipeleka sehemu kubwa zaidi ya chembe laini mahali ambapo usafi ni wa polepole kuliko kwingine kote mapafuni.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa chembe hizo huishia hapo, na kuwa kondo la nyuma ni ukuta usiopitika. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, walitangaza kuwa wameziona chembe za masizi katika kondo za akina mama waliojifungua, tena katika upande wa mtoto. Akina mama walioishi penye hewa chafu zaidi walikuwa na chembe nyingi zaidi. Mwaka 2022 wataalamu hao, pamoja na wenzao wa Aberdeen, Scotland, waliripoti kuziona chembe kama hizo katika ini, mapafu na ubongo wa vijusi vya miezi ya katikati ya mimba. Ni madhara kiasi gani yanayoletwa na chembe hizo humo zilimofika ni suala linaloendelea kuchunguzwa. Kwamba zinafika, limethibitika.

5. Adui asiyeonekana

Mpishi aliyehama kutoka kuni kwenda mkaa huona kuwa amepata nafuu, kwa sababu macho hayamwashi tena. Ni kweli kwamba mkaa ukishakolea hutoa chembe chache kuliko kuni. Lakini mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha, kaboni haipati oksijeni ya kuigeuza yote kuwa kaboni dioksaidi:

C + O₂ → CO₂ (hewa ikiwa tele)
2C + O₂ → 2CO (hewa ikiwa haba)

Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, wala haiwashi. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na himoglobini iliyokamatwa hivyo haibebi oksijeni. Kwa mama mjamzito, ambaye hewa ya vifukoni mwake hubadilika upesi, gesi hii huingia upesi pia.

Kwa mtoto hali ni nzito zaidi. Himoglobini ya kijusi huishika kaboni monoksaidi kwa nguvu kuliko ya mama, na hali ikishatulia, kiwango chake katika damu ya mtoto huzidi cha mama kwa asilimia 10 hadi 15. Mtoto huchelewa kuipokea, lakini huchelewa pia kuitoa. Mama aliyetoka nje na kupunga upepo aweza kujisikia salama, ilhali damu ya mtoto ingali imefungwa kwa saa kadhaa. Tena mtoto tumboni huishi kwa oksijeni ya kanieneo ndogo hata katika siku njema. Hana akiba ya kumvusha.

6. Kinga iliyobadili mwendo

Mpaka hapa hoja imehusu wingi wa moshi ufikao mapafuni. Lakini swali la wepesi wa kudhurika lina upande wa pili: je, tishu za mapafu ya mama mjamzito huupokea uchafu uleule kwa namna nyingine?

Mwaka 1953 mwanabiolojia Mwingereza Peter Medawar, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960, aliuliza swali lililowashughulisha wataalamu kwa miongo mingi. Nusu ya urithi wa mtoto hutoka kwa baba, na kwa hiyo mtoto ni mgeni katika mwili wa mama. Mwili huvikataa viungo vya wageni vinavyopandikizwa. Mbona haumkatai mtoto? Sehemu ya jibu ni kwamba kinga ya mama hubadili mwendo wake wakati wa mimba. Haizimwi, hupangwa upya, baadhi ya silaha zikishushwa na nyingine zikipandishwa. Athari za mpango huo huonekana hata mapafuni. Magonjwa ya mafua makali, kwa mfano lile lililoenea duniani mwaka 2009, huwashika akina mama wajawazito kwa ukali zaidi. Pumu nayo hubadilika: kwa kadiri ya theluthi moja ya wenye pumu hali huwa mbaya zaidi wakati wa mimba, theluthi hupata nafuu, na waliobaki hawaoni tofauti.

Jaribio moja la maabara lililotangazwa mwaka 2008 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akiwamo Alexey Fedulov na Lester Kobzik, lilitoa mwanga mkubwa. Panya wadogo wa kike walitiwa puani chembe za aina mbalimbali: za moshi wa dizeli, za masizi, na za titani dioksaidi, ambayo ni unga mweupe utumikao katika rangi za nyumba na uliohesabiwa kuwa hauna madhara makubwa. Panya wasio na mimba hawakuonyesha jambo kubwa walipopewa unga huo mweupe. Panya wenye mimba, kwa chembe hizohizo, mapafu yao yalivimba na kujaa seli za ulinzi. Isitoshe, watoto waliozaliwa na panya hao walikuwa wepesi zaidi wa kupata dalili zinazofanana na za pumu. Panya si binadamu, na matokeo ya maabara hayahamishwi moja kwa moja kwenda jikoni. Hata hivyo jaribio hilo lilionyesha kuwa mimba yenyewe yaweza kuyafanya mapafu yaupokee kwa ukali uchafu ambao kwa kawaida yangeuvumilia.

7. Ushahidi kutoka kwa binadamu

Mwaka 2002 wachunguzi waliopima watoto wachanga nchini Guatemala walitoa taarifa kuwa watoto wa akina mama waliopikia kuni katika moto wa wazi walizaliwa wakiwa wepesi kwa wastani wa gramu 63 kuliko wa akina mama waliotumia gesi au umeme, hata baada ya mambo mengine kuzingatiwa. Uchunguzi wa namna hii una udhaifu mmoja ambao kila mwanafunzi wa sayansi apaswa kuufahamu: umaskini unaomlazimisha mtu kupikia kuni humlazimisha pia kula kidogo na kufanya kazi nzito. Ni vigumu kujua ni gramu ngapi zilizochukuliwa na moshi na ngapi zilizochukuliwa na njaa.

Njia bora ni jaribio la kupiga kura. Jaribio kubwa la aina hiyo lilifanywa katika nchi nne, yaani Guatemala, India, Peru na Rwanda, na matokeo yake kuhusu uzito wa watoto yakatangazwa mwaka 2022. Wanawake 3,200 wenye mimba ya wiki 9 hadi 20 waligawanywa kwa kura. Nusu yao walipewa jiko la gesi na gesi ya bure. Nusu waliendelea na nishati zao za kawaida. Chembe laini katika hewa waliyoivuta wapikao kwa gesi zilishuka hadi mikrogramu 23.9 katika mita ya ujazo, dhidi ya 70.7 kwa wenzao. Lakini uzito wa watoto ulikuwa karibu sawa: wastani wa gramu 2,921 kwa kundi la gesi na 2,898 kwa kundi la pili, tofauti ambayo kwa sheria za takwimu yaweza kuwa ya bahati tu.

Je, matokeo haya yanabatilisha yaliyotangulia? La. Kwanza, majiko yaliwafikia akina mama baada ya wiki nyingi za mimba kupita, na upumuaji wa kina huanza mapema zaidi ya hapo. Pili, hewa iliyosafishwa ilikuwa bado chafu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5, na wa siku moja usizidi 15. Tatu, uzito wa mtoto ni kipimo kimoja tu, nao hausemi lolote juu ya mapafu ya mama mwenyewe. Funzo lake ni kwamba jiko jipya likiletwa katikati ya mimba halitoshi kuwa tiba. Hewa ya nyumba yapaswa kuwa safi kabla ya mimba kuingia.

8. Yawezekanayo nyumbani

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wakati lengo hilo likifuatwa, kuna mambo ambayo kaya yenye mama mjamzito yaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

Kupikia nje au penye madirisha mawili yanayotazamana hupunguza moshi na kaboni monoksaidi kwa pamoja. Kuni zilizokauka vizuri hutoa moshi mdogo kuliko mbichi. Jiko la mkaa liwashwe nje, wala lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata kama linaonekana halitoi moshi. Maharage yakilowekwa usiku kucha, na sufuria ikifunikwa, saa za kukaa motoni hupungua. Majiko yaliyoboreshwa, kama lile la bati na udongo lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, huokoa mkaa, lakini hayaondoi kaboni monoksaidi. Koroboi, sigara za wanaume wa nyumbani, takataka zinazochomwa uani, na hata udi unaofukizwa chumbani milango ikiwa imefungwa, vyote huongeza chembe laini. Upindo wa kanga uliowekwa puani huzuia majivu, lakini hauzuii chembe laini wala gesi. Mama mwenye pumu asiache dawa zake kwa kuhofia mimba bila kumwona mganga, kwa kuwa pumu isiyotibiwa humnyima mtoto oksijeni.

Lililo kubwa kuliko yote halihitaji fedha: ni kugawana zamu za jikoni. Katika nyumba nyingi mume, wifi na vijana wa kiume humpunguzia mama mjamzito mizigo ya maji na kuni, nalo ni jambo jema. Moshi hauhesabiwi kuwa mzigo kwa kuwa haubebwi kichwani. Tarakimu za makala hii zinaonyesha kuwa ni mzigo, na kwamba humlemea yeye zaidi ya mwingine yeyote aliyesimama katika jiko hilo.

Hitimisho

Mimba huyafanya mapafu yavute hewa kwa kina, yabadilishe hewa yake upesi, na pengine yaupokee uchafu kwa ukali zaidi. Kila moja la mambo hayo limewekwa kwa manufaa ya mtoto, na katika hewa safi hayamdhuru mtu. Katika hewa chafu manufaa hayo hugeuka kuwa mlango. Kwa hiyo haifai kusema kwamba moshi wa jikoni ni salama kwa sababu bibi na mama walipikia humo na kuzaa. Kipimo cha hewa kimoja hakimaanishi dozi moja.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Kwa kutumia jedwali, tafuta hewa ivutwayo kwa siku nzima, kwa mita za ujazo, kabla ya mimba na mwishoni mwa mimba. (Majibu: 10.8 na 15.12.)

2. Mtu wa kwanza huvuta pumzi 30 za mililita 350 kwa dakika. Wa pili huvuta pumzi 15 za mililita 700. Onyesha kuwa wote huvuta lita 10.5 kwa dakika, kisha linganisha hewa ifikayo vifukoni. Eleza kwa nini mwili wa mama mjamzito hufuata njia ya mtu wa pili.

3. Pakeni mafuta mazito ya kujipaka, kwa utando mwembamba, juu ya sahani mbili nyeupe. Wekeni moja jikoni, mbali na ndimi za moto, na ya pili nje penye kivuli. Baada ya saa 24 zitazameni kwa kioo cha kukuzia na mhesabu madoa katika eneo la sentimita moja ya mraba. Je, ni chembe za ukubwa gani ambazo jaribio hili haliwezi kuzionyesha? Mwalimu ahakikishe kuwa hakuna mwanafunzi anayevuta moshi kwa makusudi.

4. Jadilini: kwa nini jaribio la kupiga kura lina nguvu ya ushahidi kuliko kulinganisha tu kaya zipikiazo kuni na zipikiazo gesi?